Siku Kumi na Tisa Wodini Kandy

Kabla ya kusimulia habari za Kandy, mji wa Sri Lanka, sina budi kuanza na kosa nililolifanya Muscat, kwa kuwa ndilo lililonifungua masikio. Nilikuwa muuguzi katika wodi ya wanaume ya hospitali moja ya mji ule, ukiwa ni mwaka wangu wa nne tangu niondoke Tanga, na miongoni mwa wagonjwa wangu alikuwamo fundi ujenzi kutoka Sri Lanka, mtu wa makamo ambaye saratani ilikuwa imekwisha kulila ini lake, akisubiri karatasi za kumrudisha kwao. Usiku mmoja alinishika mkono wa sare yangu akaniuliza kama angefika nyumbani akiwa hai. Nilikuwa nimechoka, zamu ilikuwa ndefu, na jibu sikuwa nalo. Nikamwambia kwamba nyinyi Wabudha mmefundishwa tangu utotoni kuwa hakuna kinachodumu na kila kitu hupita, kwa hiyo usiwe na hofu. Alinitazama kwa muda, kisha akasema taratibu, "Missi, hiki kinachopita ni mimi." Akageukia ukutani. Alifariki siku ya tatu yake, karatasi zikiwa bado hazijatimia.

"Missi" ndivyo Wasinhala, kabila kubwa la Sri Lanka, wanavyomwita muuguzi wa kike, na kwa majuma mengi neno lile liliniamsha usiku. Nilimsimulia mwenzangu wa zamu, muuguzi wa Kisinhala aliyenizidi umri, ambaye wote tulimwita Akka, yaani dada mkubwa. Hakunikemea. Alisema tu kwamba maneno niliyomwambia yule fundi yalikuwa ya kweli, ila hayakuwa yangu kuyasema. Sikumwelewa, na niliona haya kumwuliza zaidi.

Mwaka 2018 mama yake alilazwa katika hospitali ya serikali huko Kandy kwa saratani ya kongosho. Akka ni mtoto wa pekee, na wodi za kule, kama zetu, hutegemea ndugu wa kukaa kando ya kitanda, kumgeuza mgonjwa, kumlisha na kumpepea. Hakuwa na wa kupokezana naye usiku. Aliponiomba niitumie likizo yangu kwenda naye, nilikubali siku hiyohiyo, kwa sehemu kwa ajili ya udugu wetu na kwa sehemu, nakiri, kwa ajili ya yule fundi. Tulifika mwanzoni mwa Juni, na nilikaa wodini siku kumi na tisa.

Nilikwenda na dhana ambayo wengi wetu tunayo juu ya watu wa dini ile. Sri Lanka ni nchi ambayo karibu watu saba katika kila kumi ni Wabudha, wa mapokeo ya Theravada, na nilidhani kwamba watu waliolelewa katika fundisho la anicca, yaani kutodumu kwa kila kilichotengenezwa na kuungwa, wangekuwa wametulia mbele ya mauti kama maji ya mtungini. Nilitarajia kukuta wodi ya watu wasioogopa. Nilikuta wodi kama wodi yoyote niliyowahi kufanyia kazi. Mlangoni palikuwa na kisanduku cha kioo chenye sanamu ya Budha na taa ndogo, na uani ulisimama mti wa bodhi, wa jamii ya mikuyu, uliozungushiwa ukuta mfupi, ambao kila asubuhi ndugu za wagonjwa waliumwagia maji huku wakiomba. Lakini ndani, watu walilia, walibembeleza madaktari, waliulizia dawa za miti shamba kwa waganga wa kienyeji, na waliposikia kitanda cha jirani kimebaki kitupu waligeuza nyuso zao.

Hata kuficha ugonjwa nilikukuta. Mjomba wake Akka alikuwa amemwomba daktari asilitaje jina la saratani mbele ya mgonjwa, na Akka mwenyewe, muuguzi mwenye miaka ishirini kazini, aliyeniambia mimi kwamba maneno yangu hayakuwa yangu kuyasema, alikuwa anamwambia mama yake kuwa ni uvimbe wa nyongo. Kwetu Tanga mambo ni hayohayo; nimeshuhudia familia nzima ikikaa kikao cha namna ya kumdanganya baba. Nilidhani tu kwamba hapa nisingeyakuta.

Mama yake Akka wote tulimwita Amma, yaani mama. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, miaka sabini na mmoja, mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikika mpaka dawati la mwisho, na Kiingereza chake kilitosha kwa mimi na yeye kuzungumza bila mkalimani. Macho yake yalikuwa yamegeuka manjano kama binzari na ngozi ilimwasha usiku kucha. Siku ya pili, Akka alipokwenda kununua dafu, aliniita karibu akasema, "Wananificha jina la ugonjwa, kana kwamba mimi sijui kuisoma rangi ya macho yangu kwenye kioo. Waache. Wao ndio wanaohitaji muda."

Kila asubuhi Akka alileta maua katika kisahani. Mara nyingi yalikuwa yungiyungi za buluu, ambazo ndizo ua la taifa kule, na siku nyingine maua meupe aliyoyaokota njiani. Amma aliyapokea kwa mikono miwili, akayaweka juu ya kabati dogo la kando ya kitanda mbele ya picha ya Budha, na akasoma beti fupi kwa Kipali, lugha ya maandiko yao. Beti ile karibu kila mtoto wa Kisinhala huijua kabla hajajua kuandika jina lake. Maana yake ni kwamba, kwa ua hili ninamtukuza Budha, na kama ua hili linavyonyauka, ndivyo mwili wangu huu unavyokwenda kwenye kuharibika. Niliposikia maana yake mara ya kwanza nilishtuka kwamba watoto wadogo wanafundishwa kusema hivyo kila asubuhi. Kwetu nasi tunasema kwamba kila nafsi itaonja mauti, na tunayo mashairi ya zamani ya Pate yanayosimulia majumba ya matajiri yaliyogeuka makao ya popo. Lakini hayo huyasikia mtu mzima, penye msiba. Hawa wanalianza somo hili wakiwa na ua mkononi, mtu akiwa mzima na hana msiba.

Kilichonivuta zaidi ni alichokifanya baada ya kusoma. Mhudumu wa usafi alipotaka kuyaondoa maua ya jana, Amma alimzuia mpaka jioni ifike. Kisha saa nne ya asubuhi aliniuliza, "Ua limefika wapi?" Mara ya kwanza sikujua nijibu nini. Nikasema lipo palepale. Akacheka kidogo, kwa subira ya mwalimu, akaniambia nilitazame. Nikalitazama: ncha za petali zilikuwa zimeanza kujikunja. Saa sita akauliza tena. Rangi ilikuwa imekolea na kuwa nyeusi pembeni, na shina limelegea juu ya ukingo wa kisahani. Saa kumi lilikuwa limejifunga. Kwa siku kumi na tisa sikuachwa hata siku moja bila swali hilo, na nikajikuta kwamba nimekuwa mtu anayeona jambo ambalo kwa miaka mingi nilikuwa nalifahamu tu.

Maumivu yake yalikuwa makali. Yeyote aliyemwuguza mgonjwa wa kongosho anayajua: yanaanza tumboni yanapenya mpaka mgongoni, na mgonjwa hujikunja mbele kutafuta nafuu. Usiku wa tano alilia kwa sauti. Alisema maneno kwa Kisinhala ambayo Akka hakunitafsiria, na baadaye akaniomba mimi, mgeni, nimwite daktari mwingine, kwa kuwa huyu wa kwanza huenda amekosea. Siku ya pili alikuwa ameniambia niwaache familia kwa kuwa wao ndio wanaohitaji muda; usiku ule alitaka muda yeye. Naliandika hili kwa sababu sitaki msomaji aone katika Amma mtakatifu. Aliogopa. Aliyajua mafundisho kuliko sisi sote mle wodini, na aliogopa.

Daktari aliandika morfini ya maji, ya kunywa kila baada ya saa nne, na Amma akaikataa. Hapa ndipo nilipokutana na jambo ambalo sikulisoma chuoni. Katika imani ya Theravada, hali ya akili wakati wa kukata roho ina uzito mkubwa katika kuzaliwa kunakofuata, na Amma alihofia kwamba dawa ingemlaza, afe akili yake ikiwa imefunikwa. Akka alibishana naye kama binti na kama muuguzi, na kote kuwili akashindwa. Mimi nilinyamaza, nilikuwa nimejifunza angalau hilo.

Aliyetatua ni mtawa kutoka hekalu la jirani, hamuduruwo kama wanavyowaita, mzee mwembamba aliyekuja na mwavuli mweusi. Kiti chake kilifunikwa kitambaa cheupe kabla hajakaa. Alimsikiliza Amma mpaka mwisho, kisha akamkumbusha kwamba dawa ni mojawapo ya mahitaji manne ambayo hata mtawa aliyeacha kila kitu anaruhusiwa kuwa nayo, pamoja na vazi, chakula na mahali pa kulala. Akamsimulia, ingawa Amma alikijua, kisa cha mtawa aliyeugua kuhara akaachwa amelala katika uchafu wake kwa kuwa hakuna aliyemhudumia, na Budha akiwa na Ananda, mtawa aliyekuwa mhudumu wake, wakamwosha kwa mikono yao wenyewe, wakambeba wakamlaza kitandani, na Budha akawaambia watawa kwamba anayetaka kumhudumia yeye na amhudumie mgonjwa. "Binti yako anakupa dawa," alisema, "na wewe unamnyima thawabu yake." Kisha akaongeza kwamba maumivu yanayompigisha mtu kelele nayo huifunika akili. Amma akaanza na nusu ya kipimo, na baada ya siku mbili akanywa kipimo kamili. Akili yake haikulala, ilipata nafasi.

Siku hiyo mtawa alisoma pirit, visomo vya kinga, huku uzi mweupe ukipita mikononi mwa waliokuwapo, na baadaye kipande chake kikafungwa kwenye kifundo cha mkono wa Amma. Mojawapo ya visomo vyenyewe ilikuwa ile hotuba ya Girimananda, na Akka alininong'oneza maana yake sikioni. Girimananda alikuwa mtawa mgonjwa sana. Ananda alimwomba Budha aende kumwona, na Budha akamfundisha Ananda mitazamo kumi akamsomee mgonjwa, kwamba huenda akiisikia atapona. Wa kwanza katika hiyo kumi ni mtazamo wa kutodumu. Nilisubiri maneno matamu. Badala yake yakaja maungo ya mwili, nywele, kucha, meno, ngozi, nyama, mifupa, na baada yake orodha ya maradhi: ya macho, ya masikio, ya pua, ya kinywa, ya meno, kikohozi, pumu, homa, maumivu ya tumbo, kuhara damu, ukoma, majipu, kifafa, upele, kisukari, bawasiri. Niliisikiliza kama muuguzi anayesomewa daftari la wagonjwa wakati wa kukabidhiana zamu. Nilishangaa sana kwamba kisomo kinachosomwa ili mgonjwa apate nafuu kinamhesabia magonjwa yote yanayoweza kuupata mwili. Na bado uso wa Amma ulilegea. Nilitazama vitanda vya karibu, na wanawake watatu walikuwa wamefunga mikono kifuani wakisikiliza. Nadhani kila mmoja alisikia ugonjwa wake ukitajwa bila kufichwa na bila kulaumiwa, katikati ya magonjwa ya watu wote, baada ya kufichwafichwa kwa majuma. Mtazamo wa mwisho katika ile kumi ni kuifuata pumzi, inapoingia na inapotoka, na mtawa alipofika hapo sauti yake ilipungua mwendo, na wodi nayo ikatulia.

Si wote. Kitanda cha pili kutoka kwa Amma alilala mwanamke wa miaka ishirini na minane mwenye saratani ya damu, mama wa watoto wawili ambao mumewe aliwaleta kila jioni ya saa ya kutazama wagonjwa. Mtawa alipoanza kusoma, yeye alijifunika shuka kichwani na akaziba masikio juu ya shuka, mbele ya watu wote. Hakuna aliyemkemea, wala mtawa hakuinua sauti ili amfikie. Jioni Akka, kwa nia njema kabisa, alisogea kwake akaanza kumweleza habari ya Kisa Gotami, yule mama aliyembeba mwanawe aliyekufa akitafuta dawa, akatumwa alete mbegu za haradali kutoka nyumba ambayo haijawahi kufiwa, na asiipate. Amma aliita jina la binti yake kwa sauti ya darasani, mara moja tu. Akka akarudi. "Kisa Gotami alizunguka nyumba zote kwa miguu yake," Amma alimwambia. "Hukumwona Budha akimpa jibu mlangoni. Huyu msichana bado anatembea. Kamchane nywele."

Akka alimchana nywele. Zilitoka kwa vishungi kwa sababu ya dawa, na Akka alivikusanya katika karatasi bila kusema lolote, na yule mwanamke alivitazama. Nami nilipokuwa pale nimekaa nikamkumbuka yule fundi wa Muscat, na ndipo nilipoelewa kauli niliyoshindwa kuielewa. Kutodumu si pole ya mtu mwenye afya kumpa mgonjwa. Ni kazi anayoifanya mgonjwa mwenyewe, kwa macho yake, kwa mwendo wake, na mimi nilimpokonya kazi yake nikamtupia jibu.

Kazi yenyewe ni ya namna gani, nilionyeshwa siku ya kumi na moja. Nilifundishwa, kama wauguzi wote wa siku hizi, kumwuliza mgonjwa maumivu yake ni kiasi gani kuanzia 0 hadi 10, na kuandika tarakimu hiyo katika faili. Nilipomwuliza Amma, alisema, "Unauliza ya sasa hivi, au ya ulipoanza kuuliza?" Nilidhani amechanganyikiwa. Akanishika kifundo cha mkono, akafumba macho, na kwa muda wa dakika kama kumi akanieleza anachokisikia, kama mtu anayeeleza barabara akiwa dirishani mwa treni. Sasa yapo chini ya mbavu. Sasa yanavuta kwenda mgongoni. Sasa yana moto. Sasa moto umekwisha, umebaki uzito. Sasa pana nafasi ndogo isiyo na kitu. Sasa yanarudi, lakini si pale yalipokuwa. Kila aliposema neno la kulegea, vidole vyake vililegea kwenye mkono wangu. Alipofumbua macho akaniambia kwamba usiku ule wa tano hakuwa na maumivu haya tu. Alikuwa na maumivu, na alikuwa na wazo kwamba yatakuwa hivyohivyo mpaka mwisho. "La pili lilinipiga zaidi," alisema. Katika hotuba moja ya Budha jambo hilo limefananishwa na mtu aliyechomwa mshale, kisha akachomwa mshale wa pili, na Amma aliitaja kwa jina lake la Kipali, Sallatha, lakini alikuwa amekwisha kunifundisha kwa vidole kabla ya kuitaja.

Nataka kuwa mwaminifu kuhusu morfini: dakika zile kumi zisingewezekana bila ya hiyo. Mtu akichukua kisa hiki akakitumia kumnyima mgonjwa dawa, amenisoma vibaya.

Katika juma la mwisho Akka alileta daftari la shule lenye jalada la kijani. Ndani yake, kwa mwandiko wake na kwa kuulizauliza ndugu na wanafunzi wa zamani, alikuwa ameandika matendo mema ya mama yake: hija za Anuradhapura, kupanda mlima wa Sri Pada mara nne, chakula alichowapelekea watawa, ada za mtoto wa jirani, siku alizombeba mwanafunzi mwenye homa mpaka zahanati. Desturi hii ni ya kale. Masimulizi yao ya Mahavamsa yanaeleza jinsi mfalme Dutugamunu, katika karne ya pili kabla ya Kristo, alivyosomewa kitabu cha mema yake alipokuwa anakufa huko Anuradhapura. Mnara mkubwa aliokuwa akiujenga, Ruwanwelisaya, ulikuwa haujakamilika, na mdogo wake akaufunika kwa kitambaa cheupe ili mfalme auone kama umekwisha. Mfalme akamwambia mtawa mmoja, aliyekuwa shujaa wake wa vita kabla ya kuvaa vazi la manjano, kwamba zamani alipigana akiwa na mashujaa kumi, na sasa amebaki peke yake na mauti na hawezi kuyashinda. Akka aliponisimulia hayo tukiwa kwenye ngazi za wodi, alinionyesha daftari akasema, "Hiki ndicho kitambaa changu cheupe." Alikuwa bado hajamtajia mama yake jina la ugonjwa.

Alimtajia usiku huo. Nilikuwapo. Amma alimsikiliza, akampapasa kichwa, akamwambia ahsante, kisha akamwomba aendelee kusoma daftari kutoka alipoishia jana.

Mwezi mpevu wa Poson uliangukia mwishoni mwa Juni, sikukuu ya kukumbuka siku mtawa Mahinda alipouleta Ubudha kisiwani, na kutoka dirishani tuliona taa za karatasi na watu waliovaa nguo nyeupe wakielekea mahekaluni. Amma hakuwa anakula tena. Pumzi zake zilikuwa zinakuja kwa mafungu, nyingi za haraka, halafu kimya kirefu, halafu tena, na muuguzi yeyote anajua hiyo ni alama gani. Akka aliinama sikioni mwake akawa anatamka maneno ya kumkimbilia Budha, mafundisho yake na jamii ya watawa, polepole, bila kumlazimisha aitike. Nilimkumbuka bibi yangu na jinsi mama alivyomtamkisha shahada kwa sauti hiyohiyo ya chini. Moyoni nilisema yangu. Katika kimoja cha vile vimya virefu tukasubiri, na pumzi haikurudi.

Ndani ya saa chache walikuja watu wa kuchukua macho. Amma alikuwa ametia saini zamani, na Sri Lanka ina chama cha watoaji macho kilichoanzishwa mwaka 1961 na daktari Hudson Silva, ambacho hupeleka konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, kwa vipofu wa nchi nyingi za nje. Wao huona huko kutoa ni sadaka, na hukumbuka kisa cha mfalme Sivi aliyeyatoa macho yake kwa aliyeomba. Nilisimama nje ya pazia. Macho yale ya manjano, niliyoyaona yakilifuata ua kwa siku kumi na tisa, yalikuwa yanaanza safari nyingine, na sikujua nilie au nishukuru.

Nyumbani bendera nyeupe ziliwekwa kandokando ya njia. Watawa walisoma yale maneno yanayosomwa katika kila mazishi yao, anicca vata sankhara, kwamba vyote vilivyoungwa havidumu, vinatokea na kutoweka, na Akka na mjomba wake wakashika buli pamoja wakamimina maji katika kikombe mpaka kikafurika kwenye sahani. Yule mwanamke wa kitanda cha pili alimtuma mumewe na yungiyungi moja iliyofungwa kwenye jani.

Nilirudi Muscat na kupangiwa wodi ya wanawake. Miezi michache baadaye alilazwa bibi mmoja wa zile familia zilizotoka Unguja baada ya 1964, ambaye alipogundua kwamba mimi ni wa Tanga hakuzungumza tena Kiarabu nami hata neno moja. Moyo wake ulikuwa umechoka na maji yamejaa miguuni. Asubuhi ya Jumanne aliniuliza, "Mwanangu, nitapona?" Jibu la miaka yangu yote lilinijia mdomoni, utapona Inshallah, nikalizuia. Nilivuta kiti nikakaa, nikamshika mkono, nikamwuliza yeye anaionaje pumzi yake leo. Alifikiri. Akasema jana aliweza kumaliza Al-Fatiha kwa pumzi mbili, na leo amezihesabu nne. Nikamwambia nami nimeiona hivyo. Tukanyamaza pamoja kwa muda, tukiisikiliza. Kisha akasema, "Basi mpigie mwanangu aje leo, asingoje Ijumaa." Mwanawe alikuwa katika mji wa Sohar. Alifika kabla ya Isha, viatu vyake vikiwa na vumbi la kazini, na Bibi akamwuliza kama amekula.